Fundo la Bi Siwatu

Mwanamke mmoja alikuwa na kibwebwe, kipande cha kanga chakavu alichokizungusha kiunoni kila alfajiri kabla ya kushuka bondeni kulima mpunga. Jina lake Bi Siwatu. Mumewe alikufa mapema, akamwachia mabinti wawili, Mwanvita na Hadia. Kibwebwe kile kilimshika mgongo wakati wa kulima, na siku za njaa kilimkaza tumbo. Kila mavuno alifunga fundo kwenye ncha yake, na ndani ya fundo konzi ya mbegu za mpunga mrefu, ule usioshindwa na mafuriko. Msimu wa kupanda alilifungua, akazipanda na kuwagawia wengine. Enzi hizo, jamani! Nikizikumbuka, hadi leo moyo huniuma.

Bi Siwatu alipofariki, mabinti walikifukiza kibwebwe udi, wakakikunja, wakakitia kashani. Kila Idi walikitoa, wakakinusa, wakalia. Mgeni akifika walimweleza kila doa: hili tope la mwaka wa gharika, hili maziwa ya Hadia alipokuwa akibebwa mgongoni. Kanga ilitoka duka gani, iliandikwa nini, ilichanwa lini, yote waliyajua. Fundo tu hawakuligusa. Waliona ni utovu wa adabu kufungua kilichofungwa na mkono wa mama. Siwacheki, hata mimi ningeona hivyo.

Shambani walipanda mpunga mfupi wa dukani, unaoiva haraka na hausumbui mtu. Ukawalisha miaka mitatu. Mwaka wa nne mto ulifurika, ukalala juu ya bonde siku tisa. Maji yalipoondoka halikubaki hata shuke moja, na ghala lilikuwa tupu.

Ndipo Hadia alipolikumbuka fundo. Wakafungua kasha, wakalifungua fundo kwa meno maana lilikuwa limekazwa hasa. Ndani mlikuwa na fukusi waliokwisha kuzila mbegu zote, na unga wa kijivu.

Hadia akasema, "Dada, mama hakutufungia hili tulitazame."

Akakung'uta ule unga, akajifunga kibwebwe kiunoni, akaenda vijiji vya juu kutafuta mtu aliyewahi kupewa mbegu na mama yake. Mwanvita alibaki akilia mbele ya kasha lililonukia udi.

Nanyi mnaowalilia wazazi wenu kila mwaka, na machozi yenu ni ya kweli, fundo mliloachiwa mmelifungua?