Nguchiro na Koti la Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walifunga tai na kuomba likizo, alikuwepo Nguchiro, karani katika ofisi ya Simba. Mdogo, mwepesi, macho hayatulii. Juu yake walikuwa wakubwa wawili, Kiboko na Nyati.

Kila likizo Nguchiro alikwenda shambani kwa mama yake. Si kupumzika, watoto wangu! Alichimba viazi vitamu, kwa! kwa! kwa! mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya kurudi, mama akamfungia gunia moja.

"Hiki ndicho chakula cha wanangu mpaka mavuno mengine," akasema Nguchiro.

Basi lilichelewa, ikabidi aende ofisini moja kwa moja, gunia mgongoni.

"Hee! Umerudi?" Kiboko akaruka. "Umetuletea nini kutoka shamba?"

"Mkubwa, hivi ni vya watoto..."

"Watoto!" Nyati akacheka. "Na sisi tuliokulindia kiti chako je? Wanaokitaka ni wengi."

Gunia likafunguliwa. Viazi vikachemshwa palepale, wakavitafuna, nyam! nyam! mpaka yakabaki maganda. Nguchiro akayatazama malengelenge yake. Iliuma, jamani, iliuma sana.

Ni Kobe tu, mfagizi wa ofisi, aliyeokota kiazi kimoja kilichobingirika chini ya meza. Akakificha ndani ya ndoo yake.

"Shika, mwanangu. Wapelekee watoto."

"Asante, mzee wangu. Sitakusahau."

Jioni ile watoto wa Nguchiro waligawana kiazi kimoja.

Asubuhi simu ikalia, krii! Akaipokea Nguchiro. Alikuwa Simba. "Kesho nakuja kukagua ofisi!"

Nguchiro hakumwambia mtu. Alikwenda kwa wakubwa huku akitabasamu.

"Wakubwa zangu, vile vilikuwa vidogo. Vinono vimebaki ardhini, chini kabisa. Ila kwetu anayevitaka huchimba mwenyewe."

"Na ofisi?" akauliza Nyati, mate yakimtoka.

"Acheni makoti kwenye viti. Si ndivyo mfanyavyo kila Ijumaa?"

Ni kweli. Pale ofisini, koti likiwa kitini, mwenyewe yupo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Wakaenda mbio. Shamba lilikuwa limeshavunwa lote, lakini wao wangejuaje? Wakachimba, puu! puu! jasho likiwatiririka.

"Chini zaidi, wanangu," mama Nguchiro akawahimiza, huku akiwafuata nyuma akipanda mbegu.

Kesho yake Simba akaingia ofisini. "Kiboko yuko wapi?"

"Yupo, bwana mkubwa. Koti lake si lile pale?"

Simba akalisalimu koti la Kiboko. Kimya. Akalisalimu la Nyati. Kimya. Akaketi kungoja, mpaka jioni ikaingia na hasira ikampanda kichwani.

"Tupa nje makoti haya, na wenyewe wasirudi! Nguchiro, kiti cha Kiboko ni chako!"

Haya, chekeni. Chekeni sasa hivi, maana bado sijamaliza.

Mwaka ukapita. Kobe akaenda likizo, akalima shamba lake, akarudi ofisini na kikapu kidogo cha mahindi. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Nguchiro alikuwa ameketi kwenye kiti kile kipana, amevaa koti jipya. Akainua pua, akanusa.

"Hee, Kobe! Umerudi? Umetuletea nini kutoka shamba?"

"Ni ya wajukuu, mwanangu..."

"Wajukuu! Na mimi niliyekulindia ufagio wako je?"

Kobe alimtazama kwa muda mrefu, labda akitafuta yale malengelenge. Hayakuwepo tena, viganja vilikuwa laini. Basi mzee akakiweka kikapu mezani, akachukua ufagio wake, akaanza kufagia.

Nasi tunajifunza hivi: ukishamtoa mwonevu kwenye kiti chake, usirithi na ulafi wake.