Sahani Kubwa ya Singano

Ukibadili kazi, badili sahani.

Mmenisikia nikimwambia hivyo kaka yenu, aliyeajiriwa juzi ofisini, na sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na siku hiyo mwiko niliushika mimi.

Nilikuwa mpishi katika kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Wakata mkonge walikula kwenye sahani kubwa za bati, ugali miiko mitatu. Makarani na walinzi walipewa ndogo, mwiko mmoja. Sahani kubwa ilikuwa heshima. Aliyeipata hakuirudisha, hata akibadilishiwa kazi.

Singano Kihiyo alikata mkonge miaka kumi na miwili. Jua liwake, miiba ichome, panga lake halikupumzika, na mwili wake ulikaza kama kamba mpya. Kisha akapandishwa cheo, akawa karani wa mizani. Akawa mtu wa kiti, asubuhi hadi jioni. Lakini mchana alikuja na sahani yake ileile, nami kwa kumheshimu nikampakulia miiko mitatu ileile.

Mwaka wa tatu, shati likakataa kufungwa vifungo. Akitembea kutoka mizani hadi jikoni, anasimama njiani kutafuta pumzi. Mganga wa zahanati akampima, akamwambia wazi: presha imepanda, na akiendelea hivyo moyo utamshinda. Wakati huo mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya kungoja miaka tisa.

Kesho yake, foleni imejaa, Singano akaweka sahani kubwa mbele yangu.

"Bi Nyange, ichukue. Nipe ndogo."

Mbwana, mkataji mwenye mdomo kuliko wote, akapaza sauti: "Karani! Umeshushwa cheo, au shemeji amekupiga marufuku?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Cheka, Mbwana," Singano akajibu. "Ugali wako unaliwa na panga. Kalamu yangu haina njaa."

"Utakonda, watu waseme umelogwa!"

"Waseme. Nataka kumbeba mwanangu kabla ninyi hamjanibeba mimi."

Kicheko kikakatika. Nilipakua mwiko mmoja. Nimeona wanaume wakiua chatu kwa panga katikati ya mkonge. Sijaona ushujaa kama wa mtu yule kurudisha sahani mbele ya wenzake.

Tangu siku hiyo, kila jioni alitembea hadi mwisho wa shamba na kurudi. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, alimzungusha kambi nzima mikononi, akiimba.

Mwaka uliofuata Mbwana alifanywa mlinzi wa ghala. Siku yake ya kwanza alikuja jikoni, akanikabidhi sahani kubwa kabla sijafungua kinywa.

"Usinitazame hivyo, Bi Nyange," akasema. "Ukibadili kazi, badili sahani."