Mpe Udongo, Akuachie Chungu

"Mpe udongo, akuachie chungu." Mmenisikia nikimwambia hivyo shangazi yenu alipoinua ufito, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Vizuri, nami nilijua mengi kwa kuuliza. Yalianza hivi.

Kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, alikuwako mfinyanzi hodari, Tupokigwe. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na kwa desturi bibi harusi alipaswa kwenda kwa mumewe na vyungu sita vilivyofinyangwa na dada yake. Kikipungua kimoja, wakwe humcheka mwaka mzima. Zilibaki siku nane.

Lakini kila alipoanika vyungu vibichi, alivikuta vimetobolewa. Mtobozi alijulikana: Sekela, bintiye wa miaka minne. Tupokigwe alimkemea, akamchapa, akamfungia ndani. Alipofunguliwa tu, matundu mapya.

"Nimezaa adui!" alilia.

Mama mkwe wake, Bibi Ambonisye, alichuchumaa akavitazama. "Matundu yote yako chini ya mdomo. Mbona hatoboi kitako?"

"Nitajuaje, mama?"

"Ulimuuliza?"

Tupokigwe akatikisa kichwa.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwita mjukuu wake, "njoo unionyeshe unavyofanya."

Sekela aliitazama kwanza fimbo ya mama yake iliyokuwa chini. Bibi akaikalia. Ndipo mtoto akaweka kidole gumba chini ya mdomo wa chungu, akabonyeza kwa nguvu zote.

"Naangalia kama kimekauka. Mama hufanya hivi."

Ni kweli. Mfinyanzi hubonyeza hapo kujua kama chungu kimekazana, tayari kusuguliwa kwa kokoto. Ila gumba la mama lilijua pa kukomea.

Tupokigwe alikitazama kidole gumba chake mwenyewe. Kisha akakata donge la udongo. "Hili lako, mwanangu. Bonyeza upendavyo. Vya mama mdogo tutavipima pamoja, kwa kiganja, taratibu. Hivi."

Tangu siku hiyo, Sekela alifinyanga chake na kupima vya mama yake kwa kiganja. Hata kuku aliwafukuza: "Shii! Havijakauka!"

Siku ya harusi wakwe walihesabu vyungu. Sita vizima, na cha saba kidogo, kimepinda, kina tundu chini ya mdomo.

"Na hiki kibogoyo?" wifi mmoja akacheka. "Kitapika nini?"

"Kimekwisha kupika," akajibu Tupokigwe, mkono wake begani mwa Sekela. "Hicho ndicho kilichoviponya hivyo sita. Mpe udongo, akuachie chungu."