Eliabu Thorne, Aliyetupa Mizinga Baharini

Sogeeni, enyi watu wa Halcot, na mwenye mtoto ampakate. Zama zile Marekani ilipokuwa taifa changa lisilo na manowari hata kumi, alizaliwa katika bandari yetu hii Eliabu Thorne, mwana wa Hepziba msokota kamba, mjukuu wa Yoashi mchonga milingoti. Eliabu Bega-la-Mwaloni, aliyeinua peke yake nanga iliyowashinda wanaume sita.

Alianza kwa kutupa bildi, kupima kina cha maji, akapanda hadi akawa nahodha wa manowari yetu ya kwanza. Mizinga yake kumi na minne iliyeyushwa kutoka kengele ya kanisa na masufuria ya shaba ya mama zetu. Mabaharia wake themanini walitoka matumboni mwao. Siku ya kung'oa nanga Hepziba alimshika shavu mbele ya umati, akasema, "Umechukua themanini, mwanangu. Turudishie themanini."

Mwezi wa tatu wa safari manowari za adui zikamfukuza hadi kwenye mafungu ya mchanga, na bildi ikaonyesha maji hayatoshi. Sheria ya wanamaji ilikuwa wazi: nahodha atupaye silaha zake hushtakiwa. Eliabu akatazama nyuso za vijana wale, aliowajua tangu wakinyonya, akanguruma, "Mizinga baharini!" Ule mkubwa, uliotokana na kengele, aliusukuma mwenyewe huku akilia. Merikebu ikawa nyepesi, ikapita juu ya mchanga; adui wakakwama nyuma yake.

Aliporudi, wakubwa wa wanamaji wakampandisha kizimbani. "Mizinga iko wapi?" Hapo Hepziba, ambaye hakuna aliyemwita, akasimama na akina mama wenzake nyuma yake. "Masufuria yalikuwa yetu, na sisi hatuulizi masufuria. Wangapi, Eliabu?"

"Themanini, mama."

Kesi ikafia hapo. Nani angethubutu kuiendeleza mbele ya akina mama wale?

Akatumikia bahari miaka ishirini zaidi, hata dhoruba ikamkuta kwenye mlango wa bandari hii, merikebu ikizama. Akawateremsha watu wake wote mashuani. Mashua ya mwisho ikajaa, naye akabaki. Hepziba, sasa kipofu, alikuwa gatini akingoja.

"Wangapi?"

"Wote, mama," akajibu mshika kasia. "Kasoro mmoja."

Hakuuliza nani. Aliomba tu apewe ile kamba ya mashua, kwa kuwa aliisokota yeye, akaishika mpaka ikakauka mikononi mwake.

Ndiyo maana hadi leo, chombo kikitia nanga Halcot, hatuulizi kimeshinda nini wala kimeleta nini. Tunauliza, "Wangapi?" Na nahodha akijibu, "Wote," tunanyamaza kidogo kwanza, kwa ajili ya yule mmoja, ndipo tunashangilia.