Kwa Nini Taka Zetu Hubebwa kwa Ungo

Mkaza mwanangu, usinune kwa kuwa jirani kachungulia taka zako. Zamani hakuna aliyechungulia. Kila nyumba ilikuwa na kapu lenye kifuniko, na lililomo lilikuwa siri ya jiko. Shimo la mboji lilikuwa moja, kule chini ya migomba. Lilipokea maganda, majani makavu na samadi, vikaoza taratibu, na mashamba yote ya mtaa yakala hapo.

Ndipo akaolewa hapa Nakijwa. Mavyaa wake, mama wa mumewe, aliugua, na mumewe akachinja mbuzi ili mgonjwa apate nyama ya kumrudishia nguvu. Nakijwa alimpa mchuzi mtupu. Nyama aliila mwenyewe, nyuma ya mlango, siku nne nzima. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mifupa na mafuta alivifunika kwa maganda kapuni, akavimwaga shimoni pamoja na taka nyingine.

Mfupa hauozi kama ganda. Harufu ya mafuta iliwaita fisi, wakalifukua shimo lote, na mvua ya kwanza ikaikuta mboji imetapanywa mtelemkoni, ikaisomba. Watu walipokwenda kuokoa iliyobaki waliiona mifupa. Nyumba iliyochinja ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua.

Mavyaa akaja kwa mkongojo, amekonda kama ng'onda. Aliitazama ile mifupa, kisha akasema polepole, "Hiyo si ya kwetu. Mimi mkwe wangu alinilisha nyama mpaka nikashiba."

 Nakijwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwaka ule maharage ya mtaa mzima yalimea manjano, yakakauka kabla ya maua.

Kesho ya siku ile ya mifupa, Nakijwa alitoka na maganda juu ya ungo, bila kifuniko, akasimama kwenye kila mlango mpaka mwenye nyumba aangalie. Akafanya hivyo kila siku. Kwani nani hakuwa na lake kapuni? Mmoja mmoja, wenzake wakaona aibu kumwacha peke yake, nao wakatoa nyungo zao.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu taka hupelekwa shimoni wazi, na anayetaka hutazama. Nakijwa ndiye aliyemzaa baba yangu, nami nikapewa jina lake. Hadi leo nikiitwa kwa jina hilo, ungo ukiwa mikononi, naona haya kana kwamba nyama ile niliila mimi.