Mjane Eleni na Mtu Aliyejificha Nyumbani Mwake

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba katika nchi ya Nuba, zamani wafalme wa huko walipokuwa Wakristo na makanisa yakisimama kando ya mto Nili kutoka maporomoko hadi maporomoko, aliishi mjane mmoja mcha Mungu aliyeitwa Eleni. Hakuwa na mtoto. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya udongo, kijishamba cha dengu na mtama, na jirani mmoja mzito kuliko jiwe la kusagia.

Jirani huyo alikuwa Kosma. Shamba lake lilikuwa upande wa juu, karibu na gurudumu la maji lililozungushwa na ng'ombe, na mfereji wa kijiji ulipita kwake kwanza kabla ya kuwafikia wengine. Mume wa Eleni alipokuwa hai, Kosma aliziba mfereji kwa udongo na mawe, akayageuza maji yote kwake. Waliposhitaki kwa wazee, Kosma alifungua siku mbili tatu, kisha akaziba tena. Mume akahangaika, akadhoofu, akafariki dunia shamba likiwa limepasuka kwa ukame. Tangu siku hiyo mjane alichota maji mtoni kwa mtungi, akanyweshea matuta machache yaliyotosha kumpa uji.

Kila alfajiri kabla ya kwenda mtoni alipiga magoti mlangoni akamwombea Kosma. Mwanzoni aliomba kwa moyo safi, akisema, "Bwana, mlainishe moyo." Miaka ikapita. Watoto waliobatizwa mwaka ule wa msiba wakaota ndevu, na moyo wa Kosma ukawa vilevile. Majirani wakamwambia Eleni kwamba sala zake haziendi popote. Naye, Mungu amrehemu, alichoka. Ikafika siku akajisikia akiomba maneno mengine: "Bwana, mwondoe." Alishtuka, lakini hakuyarudisha. Kesho yake aliyaomba tena, na keshokutwa, mpaka yakawa ndiyo sala yake.

Basi mwaka mmoja, majuma machache baada ya Pasaka, jua likiwaka hata mbwa hawabweki, kijana aitwaye Isaki alipanda hadi kwa Kosma kufungua mfereji, kwa kuwa mtama wa mama yake ulikuwa unanyauka. Wakajibizana, wakashikana. Kosma akainua jembe akampiga nalo kichwani. Kijana akaanguka, akalala kimya, damu ikimtoka sikioni.

Kosma alipoona vile akatupa jembe akakimbia. Nyumbani kwake hakuweza kwenda, maana kaka zake Isaki walikuwa tayari wanakuja kwa njia hiyo. Mlango uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa mmoja tu. Eleni alikuwa ameinama akipepeta dengu alipomwona jirani yake akiingia mbio, midomo imemkauka.

"Dada Eleni," alisema, "wataniua."

Tangu mumewe azikwe, mtu huyu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimtazama akijibanza nyuma ya ghala la nafaka, ghala ambalo kwa sababu yake halikuwahi kujaa. Na hapo, wapendwa, kitu kama furaha baridi kilimpanda mjane kifuani. Sala yake imejibiwa. Hakuhitaji kufanya lolote. Angekaa tu na ungo wake, na wakija na kuuliza, angeelekeza kwa kidevu.

Akasikia vishindo vya miguu. Na katika ile nafasi fupi, kabla hawajafika, Eleni aliiona sala yake jinsi ilivyo. Akaona aibu mbele za Mungu, aibu iliyomtoa jasho. Aliweka ungo chini, akatoka, akasimama mlangoni pake.

Walikuja watatu. Aliyetangulia alikuwa Papnuti, kaka mkubwa, mkuki mkononi. Akamwamkia kwa adabu, maana mjane alikuwa wa umri wa mama yake, kisha akauliza kama amemwona Kosma.

"Yumo ndani," akasema Eleni.

Nyuma ya ghala Kosma alifunika uso kwa mikono. Papnuti akapiga hatua, lakini mjane hakusogea.

"Mwanangu, sikufundishwa kusema uongo, wala sikufundishwa kumtoa mtu achinjwe. Yumo ndani, mlango ndio huu, nami nimesimama hapa."

Papnuti hakuamini masikio yake. Akamkumbusha mambo ambayo mjane hakuhitaji kukumbushwa: nani alikausha shamba lake, nani alimpeleka mumewe kaburini kabla ya wakati. Akamwuliza anamlinda mtu huyo kwa lipi.

"Kama kuna lolote lililo jema kwake, sijui," akajibu. "Wala sitakuficha. Nimemwomba Mungu amwondoe duniani huyu, si mara moja. Leo naogopa kwamba nilikuwa naomba mkuki wako." Kisha akauliza, "Isaki amekufa?"

Papnuti akasema amelala, haongei, hajui mtu. Mama yao yuko naye, na kasisi ameitwa.

"Basi hajafa. Utakwendaje kulipiza kisasi cha mtu anayepumua? Ngojeni habari."

"Na akifa?"

Eleni akajibu: "Akifa, bado nitakuwa hapa mlangoni. Mtapita juu yangu."

Ndugu wawili wadogo walitaka kumsukuma kando. Lakini Papnuti alikuwa amebatizwa siku ileile aliyobatizwa mpwa wa mjane huyu, na mikono ya Eleni ndiyo iliyompokea Papnuti akitoka majini. Hakuweza kumgusa. Akakaa chini juani, mkuki mapajani, akasema atangoja. Ila wakisikia kilio cha msiba kutoka kwao, basi maneno yatakuwa yamekwisha.

Wakangoja. Jua lilikuwa kali. Eleni alichukua mtungi wake, maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka mtoni asubuhi, akawanywesha mmoja mmoja, kisha akarudi mahali pake. Mdogo wa wale watatu alikunywa bila kumtazama usoni. Alitamani kukaa, lakini alihofu kwamba akikaa watadhani amelegea.

Kisha akasikia sauti nyuma yake, kutoka gizani. Kosma alikuwa ametambaa hadi karibu na mlango. Akamnong'oneza kwamba akimwokoa atampa maji, maji yote, usiku na mchana, na shamba la juu pia kama analitaka. Ni jambo alilolililia tangu ujana wake, na sasa liliwekwa mbele yake kama sahani ya chakula.

"Nyamaza," akasema Eleni bila kugeuka. "Sikusimama hapa ninunue maji."

Jua likaanza kushuka. Na ghafla, kutoka upande wa nyumbani kwa akina Isaki, ikapanda sauti ya wanawake wengi. Ilikuwa mbali, na upepo uliipasua vipande vipande. Wote walisimama. Ndugu mdogo akasema ni kilio. Papnuti akakaza vidole kwenye mkuki, uso umembadilika, akamwambia mjane, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, toka."

Eleni hakutoka. Alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Alitaka kusali, lakini sala hazikuja. Lililokuja ni jina la Yesu tu, na baada yake jina la Isaki, na baada yake, kwa taabu, jina la Kosma. Papnuti alimfikia karibu hata akasikia pumzi yake. Akaweka mkono begani mwa mjane amsogeze.

Sauti ikapanda tena, safari hii upepo umetulia. Mkono wa Papnuti ukabaki pale begani. Vilikuwa vigelegele.

Kasisi Abramu alitokea njiani, mzee mnene asiyezoea kukimbia, ameshika kanzu yake isimkwaze. Alipofika alishika ukuta akihema. Kisha akawaambia kwamba Isaki amefumbua macho, amemtambua mama yake, ameomba maji. Papnuti alikaa chini pale pale, akalia kama mtoto, na ndugu zake wakauchukua mkuki.

Kosma alikabidhiwa kwa wazee, wakamhukumu kulima shamba la mama yake Isaki mpaka kijana apone. Alipotoka nyumbani mwa Eleni alimpita bila kumtazama, bila neno la shukrani. Na asubuhi iliyofuata mfereji wa mjane ulikuwa mkavu kama jana yake.

Watu walimcheka. Hata kasisi alimwuliza kwa huruma kama hajavunjika moyo. Eleni alisema amevunjika, tena sana, lakini hajui njia nyingine zaidi ya kuendelea. Akachota maji. Akapiga magoti alfajiri akirudia sala yake ya kwanza, na sasa, alisema, alipoitamka hakuna kitu kilichomkwama kooni. Msimu ukapita hivyo. Mto ukafurika, ukapungua, mbegu zikapandwa.

Ndipo siku moja alipokuwa akipalilia alisikia jembe likigonga mawe. Kosma alikuwa ndani ya mfereji, peke yake, akibomoa ukuta aliojenga kwa mikono yake. Hakupanda juu mpaka alipomaliza. Maji yalikuja taratibu, machafu, yakisukuma majani makavu mbele yake.

Kosma akasimama mbali kidogo. Akasema kwamba siku ile alisikia kila neno kupitia mlango, hata lile la kumwomba Mungu amwondoe, na kwamba kila siku tangu hapo alitaka kuja, na kila siku aibu ilimrudisha. "Ungeniambia unanipenda, nisingeamini," akasema. "Ulisema ulinichukia, na hukutoka mlangoni."

Eleni alimwambia akae, akaenda kumletea uji.

Tunaposema Mungu anachelewa, wapendwa, mara nyingi tunatazama upande wa jirani tu. Mjane huyu aliomba miaka mingi moyo mmoja ubadilike, na Mola akawa na kazi katika mioyo miwili, akaanzia kwa yule aliyepiga magoti. Atujalie subira ya kungoja juani bila kuondoka mahali alipotuweka, na aitakase hata ile sala tunayoiona haya kuisema kwa sauti. Amina.