Jinsi Kakakuona Alivyofanywa Mlinzi wa Msitu

Nisameheni mapema, ndugu zangu. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Nitaruka pa kulilia, nitacheka pasipochekesha, na wimbo wake nimeusahau wote. Anayejua kuisimulia hayupo, mmebaki na mimi. Poleni.

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na msitu!
— Twende tukauone!
Mmechelewa.

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana jivu lake bado vuguvugu, palikuwa na kijiji kule Unyamwezi, na nyuma ya kijiji msitu wa miombo. Humo aliishi mama kakakuona. Magamba mwili mzima, meno hana, ugomvi hana. Alikuwa na mtoto mmoja tu, akimbeba juu ya mkia kama abiria aliyesinzia akapitiliza kituo.

Sasa sikilizeni. Watu wa huko wakimwona kakakuona hawamfukuzi. Humwekea chini vitu vitatu: bakuli la maji, ungo wa unga, na jembe. Akiendea maji, mwaka wa mvua. Akiendea unga, mwaka wa shibe. Akiendea jembe, mwaka wa kazi. Msoma ishara alikuwa Bwana Lusangija, mtu wa tumbo na sauti.

Kiangazi cha kwanza watu wakachoma mashamba. Moto ukawatoroka, ukaingia msituni. Mama kakakuona akatoka mbio, mtoto mkiani, nyayo za mtoto zimeungua.

"Jamani, zimeni moto! Mwanangu anaungua!"

"Kakakuona huyo! Leteni vitu!"

Vitu vikaletwa. Mama akakimbilia maji, akamtumbukiza mtoto.

"Maji!" akanguruma Lusangija. "Mwaka wa mvua!"

"Mvua gani? Nampoza mwanangu! Acheni kuchoma!"

"Tulia, mama, tunakusoma."

Nyamizi, mwanamke mwenye mizinga ya nyuki, akamvuta Lusangija shati. "Bwana, mbona huyu mnyama anasema?"

"Shemeji, ishara haisemi. Ikisema inatuharibia maana."

Kwa kuwa mvua imeahidiwa, kiangazi cha pili wakachoma bila woga. Moto ukatoroka, ukala nusu ya msitu. Mama kakakuona akaja, mtoto malengelenge tumboni. Akaufuata unga, akampaka mtoto kwenye vidonda.

"Unga! Mwaka wa shibe! Ongezeni mashamba!"

"Ni dawa hii! Acheni kuchoma!"

"Tulia, mama, tunakusoma."

Kiangazi cha tatu, mtoto hakulia tena. Alikuwa anahema tu. Mama akalikumbatia jembe, akalikokota hadi ukingo wa msitu, akaanza kuchimba njia ya kuzuia moto. Anachimba, anaanguka, anachimba.

"Jembe! Anatuonyesha pa kulima!"

Akazidi kuchimba. Mngefanya nini, nyinyi?

Wakachoma palepale alipochimba. Msitu ukabaki kichaka kimoja kando ya chemchemi. Chemchemi ikakauka. Nyuki wakahama. Nyamizi akakaa chini, akalia: "Miaka mitatu alikuwa anatuambia!"

Hapo kijiji kizima kikaona aibu. Na watu wakiona aibu, jamani, kaeni mbali nao.

"Tumheshimu!" akasema Lusangija. "Awe mlinzi wetu wa msitu! Tumtengenezee sanamu, kofia kichwani, ndoo mkononi, na kifuani tuandike: ZIMA MOTO KABLA HUJAONDOKA!"

Wakapiga makofi, vigelegele, wengine wakatokwa na machozi. Sanamu ikafinyangwa kwa udongo, kubwa kuliko mtu. Lakini udongo mbichi mvua huuyeyusha. Lazima uchomwe.

Wakajenga tanuri la matofali, sanamu ikaingizwa ndani. Siku ya kwanza likala nyua za kijiji. Siku ya pili likala mizinga mitupu ya Nyamizi. Siku ya tatu kuni hakuna, tanuri linapoa, sanamu itapasuka. Watu wakageuza macho kwenye kile kichaka.

Wakakifyeka. Ndani yake palikuwa na gogo lenye tundu. Hawakulichungulia. Wakalisukumia motoni.

Tanuri lilipofunguliwa, sanamu ilikuwa imeiva vizuri, nyekundu, inatabasamu. Chini yake, ndani ya jivu, magamba. Makubwa kwa madogo.

Sanamu ipo hadi leo. Inalinda peke yake uwanda mtupu, na lazima tuisifu: tangu isimame, msitu haujaungua hata mara moja.

Hadithi yangu imeishia hapa kwa sababu miti imeishia hapa. Kama imewapendeza, ni ya mama kakakuona. Kama imewauma, msimtafute Lusangija. Yule hajawahi kunyanyua kitu maishani mwake. Fundi wa tanuri nilikuwa mimi. Gogo lile nililibeba kwa bega hili, nikawaambia wenzangu kwa furaha, "Zito hili! Litawaka mpaka asubuhi."